Taa Nyekundu Tumboni mwa Ndege

Saa tano na nusu usiku, Entebbe. Mvua imekatika muda si mrefu na lami ya maegesho inameremeta. Ndege iko mahali pake, milango imefungwa, mizigo imeshaingia, ngazi imeondolewa. Hakuna kinachosogea. Mara tumboni mwake, katikati, inawaka taa nyekundu. Inawaka, inazima, inawaka, inazima, na kila inapowaka lami yote iliyolowa inageuka nyekundu mpaka kwenye buti zangu.

Injini bado hazijaanza kuzunguka. Lakini dereva wa trekta la mizigo aliyekuwa akija upande wetu amesimama papo hapo. Kijana aliyekuwa akikusanya koni amezikumbatia na kurudi nyuma ya mstari. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyepunga mkono. Taa imesema, na kila mtu amesikia.

Kazi yangu ni kuelekeza ndege maegeshoni. Mimi ndiye yule mtu unayemwona dirishani, mwenye kizibao cha kuakisi mwanga na fimbo mbili za taa mikononi, anayemwonyesha rubani aje, apinde, asimame. Sijawahi kurusha ndege na sitawafundisha marubani kuruka. Ila kuna jambo moja ambalo sisi wa chini tunalijua kuliko wao, kwa sababu wao wamekaa ndani na sisi tumesimama mbele yake: namna taa za ndege zinavyosomeka kutoka nje. Nimelibeba jambo hili kifuani kwa muda mrefu, na nimekutana na marubani wengi wazuri, wenye saa nyingi angani, ambao bado wanaziwasha na kuzizima taa kana kwamba ni taa za gari lao binafsi.

Nianze na masikio. Watu wa nje hushangaa nikiwaambia kwamba maegeshoni sisi ni viziwi. Unavaa vifuniko vya masikio kwa sababu bila hivyo utastaafu huisikii hata sauti ya mjukuu wako. Juu ya hapo, pembeni kuna ndege nyingine inayopasha injini, nyuma kuna jenereta, na karibu kila ndege kubwa ina injini ndogo mkiani ya kuzalisha umeme ambayo mara nyingi hunguruma hata injini kubwa zikiwa zimezimwa. Katika mchanganyiko huo huwezi kusema kwa masikio kwamba injini ya ndege hii iliyo mbele yako imewaka au haijawaka. Unasikia kelele tu, kelele moja kubwa isiyo na mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee aliyeanza akiwa kijana mdogo enzi za East African Airways, kabla shirika lile halijavunjika mwaka 1977. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini, kile kilichopita Nairobi na Dar es Salaam na kurudi Entebbe na mafundi wa nchi zote tatu. Changu ni cha nyumbani, cha Arua, kilichochanganyika na Kinubi cha majirani. Tulielewana vizuri. Wiki yangu ya kwanza alinishika bega, akaninyooshea kidole kwenye tumbo la ndege, akaniambia, "Kijana wangu, masikio yako yaache nyumbani. Huku ndani kazi ni ya macho. Ile taa ikiwaka, hata kama ndege imelala kimya kama ng'ombe aliyeshiba, wewe ihesabu ni ng'ombe aliyesimama."

Ile taa nyekundu tunaiita bikoni. Kwa kawaida ziko mbili, moja juu ya mgongo wa ndege na nyingine chini ya tumbo, ili popote uliposimama uione walau moja. Huwashwa kabla injini ya kwanza haijaanza kuzunguka, na katika mashirika mengi kabla hata ndege haijaanza kusukumwa nyuma na trekta. Huzimwa baada ya injini zote kuzimwa na kupungua mwendo. Maana yake ni moja: chombo hiki ni hatari sasa hivi, au kitakuwa hatari dakika hii.

Hili si pendekezo la mzee wangu peke yake. Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, ule wa mwaka 1944 uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kinasema ndege yoyote iliyo kwenye eneo la mwendo uwanjani, ikiwa injini zake zinazunguka, lazima ionyeshe taa za kutambulisha jambo hilo. Na kama ndege ina taa hizo, haijalishi ni usiku au ni saa sita mchana. Sheria za anga za nchi zetu, Uganda ikiwamo, zimejengwa juu ya msingi huo.

Wakati wa kusukuma ndege nyuma mimi huwa nimechomeka waya wa mawasiliano puani mwa ndege, ninaongea na rubani moja kwa moja. Ananiuliza kama ni salama kuwasha injini. Natazama kushoto, natazama kulia, natazama nyuma kwa mwenzangu aliye mwisho wa bawa, kisha nainama kidogo nichungulie tumboni. Kama taa haijawaka, simpi neno "salama". Namwambia, "Kapteni, bikoni." Mara nyingi husikia kimya cha sekunde moja, halafu lami inageuka nyekundu, halafu sauti inasema asante. Hiyo asante huwa inatoka moyoni, mtu unaisikia.

Sasa nieleze kwa nini naumia na suala hili.

Mwaka wangu wa pili kazini iliingia ndege ya kukodi usiku, yenye injini mbili za turubini chini ya mabawa. Niliielekeza vizuri, ikasimama kwenye alama, nikafunga fimbo zangu kwa alama ya X juu ya kichwa. Bikoni ikazimwa. Kwetu sisi bikoni ikizimwa ni ruhusa. Niliokota choki zangu, vile vipande vizito vya mpira vinavyozuia magurudumu, nikaanza kwenda kwenye gurudumu la kulia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa sababu ya mvua. Nilichokijua baadaye ni kwamba kizibao changu kilivutwa kwa nyuma kwa nguvu hata kifungo kikakatika. Alikuwa mzee wangu. Hakusema kitu, aliniinua tu kidevu nitazame mbele. Injini ya kulia ilikuwa bado inazunguka, tena si kwa kumalizikia. Ilikuwa inafanya kazi. Ile injini ndogo ya mkiani ilikuwa mbovu siku hiyo, kwa hiyo rubani aliiacha injini moja kubwa iendelee kutoa umeme mpaka achomekewe umeme wa uwanja. Hilo ni jambo la kawaida na halina ubaya. Ubaya ni kwamba mkono wake, kwa mazoea, ulizima bikoni palepale gurudumu liliposimama.

Matone ya mvua yaliyokuwa mbele ya ile injini hayakuwa yakianguka chini. Yalikuwa yakienda ubavuni, yakiingia ndani. Picha hiyo haijanitoka.

Sitaji shirika wala mtu. Rubani aliposhuka na kuambiwa, alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Hakuwa mzembe. Alikuwa mtu aliyechoka ambaye hakuna aliyewahi kumweleza kwamba ile swichi haimalizi orodha yake ya kuzima ndege tu, inaniruhusu mimi niingie chini ya bawa.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Ilikuwa tarehe 31 Desemba 2022. Mfanyakazi wa maegeshoni alivutwa na injini ya ndege ya Embraer na kufa. Taarifa ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba injini ndogo ya mkiani haikuwa ikifanya kazi, kwamba injini kubwa zilibaki zikizunguka kwa dakika mbili zinazotakiwa ili zipoe, na kwamba kabla ya ndege kufika watu wa chini walikuwa wamekumbushana: msisogee, msiweke koni, mpaka injini zizimwe, zipungue mwendo, na bikoni izimwe. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Hali ilikuwa ileile ya usiku wangu, ila taa ya kule, kwa maelezo hayo, ilikuwa bado inaonya. Kwangu mimi taa ilikuwa imeshanyamaza. Pande zote mbili zinahitajika, rubani aseme kweli na mtu wa chini asikie. Ninawaombea familia ile kila mwaka unapoisha.

Ndiyo maana leo, hata bikoni ikizimwa, sisogei mpaka nimeona kwa macho yangu mapanga ya injini yamepunguza mwendo. Injini iliyozimwa haisimami kama feni ya nyumbani uliyochomoa waya. Inaendelea kuzunguka kwa muda, na upepo wa ziwa ukiingia vizuri unaweza kuizungusha polepole hata ikiwa imezimwa.

Kuhusu taa za rangi, zile za ncha za mabawa na mkiani, sina mengi ya kusema, ingawa ndizo kila mtoto anazijua: nyekundu ncha ya bawa la kushoto, kijani ncha ya bawa la kulia, nyeupe mkiani. Zimetoka baharini. Ukitazama meli ikitembea ziwani gizani utaziona zilezile, nyekundu kushoto na kijani kulia. Za pembeni kila moja humulika nyuzi 110 kutoka mbele, ya mkiani nyuzi 140, ukijumlisha unapata duara kamili. Faida yake kwangu ni hii: kukiwa na giza na ndege iko mbali kwenye viungio, zile njia zinazounganisha maegesho na barabara ya kurukia, siioni umbo lake, naona nukta tu. Nikiona nyekundu peke yake najua inapita ikielekea kushoto kwangu. Nikiona kijani na nyekundu pamoja, na kijani iko kushoto kwangu, basi inanijia mimi. Mashirika mengi huziacha zikiwaka muda wote ndege inapokuwa na umeme, na ni sawa. Hazimwumizi mtu.

Zinazoumiza ni zile nyeupe.

Ndege inapotembea kwa magurudumu yake sisi husema inateksi, na taa ya mbele iliyo kwenye mguu wa pua tunaiita taa ya teksi. Hiyo ni miongoni mwa taa chache ambazo kweli humsaidia rubani kuona njia. Lakini ina kazi ya pili ambayo haipewi heshima yake: inasema nia. Ikiwaka, ndege inatembea au inataka kutembea. Ikizimwa, ndege imesimama na inakupa njia. Rubani aliyesimama kwenye makutano ya viungio akasubiri mwenzake apite, huku taa yake ya teksi inawaka usoni mwa mwenzake, amefanya mambo mawili kwa pamoja. Amempofusha, na amemwambia "naja" wakati yeye anamaanisha "pita". Mwenzake naye anabaki pale anasitasita. Nimetazama ndege mbili zikisubiriana hivyo mpaka mnara wa waongozaji wa ndege ukaingilia kati.

Kisha kuna suala la mimi mwenyewe kusimama mbele ya hiyo taa.

Watu waliozoea Entebbe wanawajua wale wadudu wadogo wa ziwani, wasiouma, wanaopanda kutoka majini kama moshi. Msimu wao ukifika hujaa kwenye kila mwanga. Sasa fikiria ndege inageuka kuingia maegeshoni, na rubani hajazima taa ya teksi, au ameacha hata zile kubwa za kutulia, yaani za kumulika mbele wakati wa kutua, zinazokaa kwenye mabawa. Ule mwanga unanikuta usoni. Wadudu wanaingia ndani ya mwanga kwa maelfu, na kutoka upande wa rubani kinachoonekana ni ukuta mweupe unaotetemeka, nami niko nyuma ya ukuta huo nikipunga fimbo. Upande wangu sioni ndege. Sioni bawa linapita umbali gani na gari la mafuta. Sioni gurudumu limefika alama au la. Nageuza uso pembeni na kukadiria kwa kile kijisehemu cha jicho ambacho hakijachomwa. Na baada ya taa kuzimwa, shida haijaisha, kwa kuwa jicho la mwanadamu huchukua hata nusu saa kurudi kuzoea giza kikamilifu. Nusu saa hiyo nitakuwa nimeshahudumia ndege nyingine, nikitembea kati ya magari na mapanga ya injini na doa la kijani linalonifuata kila ninapotazama.

Mkataba ule ule wa Chicago umelifikiria jambo hili. Unampa rubani ruhusa ya kuzima au kupunguza taa zinazomemeta kama zinamsumbua katika kazi yake au zinamwumiza macho mtu aliye nje. Nimewahi kukutana na rubani ambaye hakuamini kwamba kuzima kunaruhusiwa. Alifundishwa kwamba taa nyingi ndiyo usalama. Nilimheshimu sana kwa kuwa alikuwa anatafuta usalama kweli, lakini nilimwomba ashuke asimame pale ninaposimama mimi huku rubani msaidizi akimwashia. Alisimama sekunde kumi hivi. Akarudi juu bila neno, na tangu siku hiyo, kila akija, taa ya teksi huzimika anapomaliza kupinda kunielekea. Sijawahi kulazimika kujifunika macho kwa fimbo tena mbele yake.

Taa za kumemeta nyeupe, stroba, zilizo kwenye ncha za mabawa na mkiani, ni kali kuliko zote. Hizo maegeshoni hazina kazi kabisa. Kwenye ukungu wa alfajiri, ule unaopanda kutoka ziwani na kuketi juu ya uwanja, stroba moja ikimemeta inaufanya ukungu wote umemete, na unajiona uko ndani ya chupa ya maziwa inayopigwa picha. Mahali pake ni kwenye barabara ya kurukia. Huko, sasa, naomba ziwashwe bila huruma.

Hapa ndipo watu wengi walipokufa ili sisi tujifunze. Tarehe 1 Februari 1991, jioni, mjini Los Angeles, ndege ndogo ya SkyWest iliruhusiwa kuingia barabara ya kurukia na kusubiri. Mwongozaji wa ndege, akiwa na mambo mengi, akairuhusu Boeing 737 ya USAir kutua kwenye barabara ileile. Rubani wa 737 alikuwa anatazama mbele, giza limeshaingia, na mbele yake kulikuwa na mstari mrefu wa taa za katikati ya barabara. Ile ndege ndogo ilikuwa imempa mgongo, na taa zake za nyuma zilipotelea miongoni mwa taa za barabara. Akatua juu yake. Walikufa watu 35, wakiwamo wote 12 waliokuwa kwenye ndege ndogo.

Kwangu somo la kutisha ni kwamba ndege inaweza kuwa na taa zinazowaka na bado isionekane. Ukitazamwa kwa nyuma, na aliye juu yako akiwa anashuka kuelekea taa mia zinazofanana, taa moja nyeupe ya mkiani ni tone ndani ya mto. Kinachokutenganisha na barabara ni kumemeta. Ndiyo sababu mwongozo unaotolewa na mamlaka ya anga ya Marekani, na ambao marubani wengi duniani wanaufuata, unasema ukiingia barabara ya kurukia washa kila kitu, stroba zikiwamo, isipokuwa taa za kutulia. Hizo za kutulia ziache kwanza. Ziwashe pale unapopewa ruhusa ya kuondoka, unapoanza kukimbia. Mpangilio huo una akili nyingi. Anayetazama kutoka mnarani, au rubani mwingine aliyesimama ng'ambo, akiona taa kubwa zimewaka ghafla anajua ndege ile haisubiri tena. Ukiziwasha zote tangu kwenye kiungio, umetumia neno lako la mwisho mapema, na hutakuwa na cha kusema unapoanza kuondoka kweli. Na kama unavuka tu barabara ya kurukia kwenda upande wa pili, washa taa zote, vuka, halafu ukishatoka zima zile kali.

Tarehe 2 Januari 2024 tuliona tena, mara hii uwanja wa Haneda, Tokyo. Ndege ya walinzi wa pwani, Dash 8, ilikuwa imebeba misaada ya waliopatwa na tetemeko la siku iliyotangulia. Iliingia barabara ya kurukia, ikakaa pale kama sekunde 40, na Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watu 379 wa A350 wote walitoka kwenye moto ule wakiwa hai, jambo ambalo bado linanipa machozi. Kwenye Dash 8, watano kati ya sita walikufa. Taa peke yake isingetosha kutatua yote yaliyotokea pale, kwa kuwa kulikuwa na maneno ya redioni yaliyoeleweka vibaya. Lakini mimi hufikiria zile sekunde 40. Barabara ya Entebbe, ile ndefu, ni mita 3,658. Usiku, ukiwa juu, ndege iliyosimama mwanzoni mwake ni kitu kidogo sana.

Ninapokwenda nyumbani kaskazini mambo hubadilika, na marubani wa ndege ndogo wanaelewa ninachosema kuliko wote. Kwenye viwanja vya murram vya huko bara hakuna mwelekezaji, hakuna mnara, na mara nyingi hakuna uzio unaomzuia mtu kukata njia na baiskeli yake au mtoto kupitisha mbuzi. Kule rubani huwasha taa za kutulia mchana kweupe, jua likiwa utosini, kwa sababu mchungaji aliye mwisho wa uwanja ataona mwanga kabla hajaona ndege. Nami namsifu. Ila kwa ndege za mapanga ya mbele nina ombi moja: bikoni iwake kabla hujashika ufunguo, hata kama uwanja mzima hauna mtu. Panga linalozunguka kwa kasi halionekani. Mchana linakuwa kama kivuli chembamba, na watoto wa kijijini huikimbilia ndege kwa furaha. Wakifundishwa na mtu mmoja tu, mwalimu au mlinzi wa uwanja, kwamba taa nyekundu ikiwaka hakuna kusogea, watafundishana wenyewe. Nimewaona watoto wakivutana mashati kwa nyuma wakisema, "Bado, bado, taa!" Nilikumbuka kizibao changu.

Marubani wengine huniambia balbu zinaungua, taa za kutulia zinapata joto zikiwa hazipigwi na upepo, kwa hiyo hawapendi kuziwasha chini. Kwa ndege za zamani hiyo ni hoja ya kweli, na inakubaliana na ninachoomba: zikae zimezimwa mpaka wakati wake. Taa mpya za kisasa hazina tatizo hilo sana, na ndiyo maana siku hizi nakutana na mwanga mwingi usoni kuliko zamani. Zile za kumulika nembo ya shirika mkiani, mimi nazipenda tu, zinapendeza, na humsaidia aliye mbali kuiona ndege. Ziwake.

Juzi usiku iliingia ndege kutoka Nairobi. Ilitoka kwenye kiungio ikiwa na taa ya teksi, nikaiona inakuja, nikainua fimbo. Ilipopinda kunielekea, taa ikazimika kabla mwanga haujanifikia. Ghafla nikawaona wote wawili mle ndani kwa mwanga hafifu wa vipimo vyao, na yule wa kushoto aliinamisha kichwa kidogo kunisalimu. Niliivuta polepole, polepole, nikafunga fimbo. Injini ya kulia ikapungua, kisha ya kushoto. Taa nyekundu ikaendelea kupiga juu ya lami. Kijana mpya tuliyepewa mwezi huu alikuwa kando yangu na choki mkononi, mguu mmoja umeshatangulia. Nilimshika kizibao kwa nyuma, taratibu. Tukasubiri. Nyekundu, giza, nyekundu, giza. Kisha giza likabaki. Nikamwonyesha mapanga ya injini, akayatazama yakipungua mpaka akaweza kuyahesabu, ndipo nikamwachia.